Mapazia ya Mama Rael

Walikutana kwa kugombania kitabu. Ilikuwa Jumamosi mchana, Barabara ya Tom Mboya imefurika watu hadi pa kukanyaga hapana, na muuza vitabu vya mitumba alibaki na kimoja tu cha sheria ya mikataba. Rael, kwa gauni lake la manjano, alikishika upande huu. Kijana mrefu wa shati jeupe akakishika upande ule.

"Wewe, hii kitabu nimeshika kwanza," Rael akamaka.

"Uko na shahidi?"

Rael akacheka bila kupenda. Kumbe kijana huyo, Nashon, naye alikuwa amejiandikisha chuo kilekile cha Parklands alikosomea Rael sheria. Kitabu wakakinunua pamoja, wakakisoma pamoja, mabega yakigusana, hadi siku moja Nashon akasema, "Bebi, tukimaliza mtihani nakuja kwenu Woodley. Nataka mathe wako anijue."

Mama Rael kusikia hivyo akafua mapazia ya sebuleni, akayapiga pasi, akayatundika upya.

"Mathe ashafua mapazia juu yako," Rael alimwambia Nashon kwa simu. "Usinichome, niaibike bure."

Ikafika siku ya kesi ya kuigiza darasani: mwanamke amemshtaki mchumba aliyeahidi ndoa kisha akaingia mitini. Rael alikuwa wakili wa mwanamke, Nashon wa mwanamume. Rael alimbana Nashon hadi jasho likalowesha kola ya suti yake ya kuazima. Ndipo Nashon akamgeukia hakimu na darasa zima.

"Mheshimiwa, ahadi ya wapenzi si mkataba. Mama ya msichana akifua mapazia ati mgeni anakuja, hiyo pia si mkataba. Hiyo ni usafi tu!"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Kamla, aliyekaa kiti cha hakimu, akampa Nashon ushindi. Rael alikusanya karatasi zake akaondoka.

Simu za Nashon hakuzishika. Mwishowe akapokea moja.

"Rael, ilikuwa kesi tu. Hiyo upande nilipewa."

"Upande ulipewa. Mapazia ulipewa na nani?"

"Nilitaka kushinda," Nashon akasema.

"Basi umeshinda, wakili." Akakata.

Jumapili baada ya kanisa, Nashon akabisha mlango wa kina Rael huko Woodley. Mama Rael alimpokea kwa bashasha. "Karibu, baba. Keti."

Nashon hakuketi. "Mama, nimekuja kuomba msamaha. Nilichekesha watu na mapazia yako." Akaeleza yote, bila kujitetea.

Mama Rael alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akavuta kiti, akapanda, akaanza kuyatoa mapazia. Nashon akamshikia kiti. Rael aliwatazama akitamani kulia. Bado alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Siku utakuja na wazazi wako," mama akasema akiyakunja, "nitayafua tena."

Rael alimsindikiza Nashon hadi getini.

"Na wewe? Utaningoja?"

"Mimi siku hizi nataka shahidi, Nashon."

"Nitawaleta."

"Walete."

Akafunga geti, akarudi sebuleni. Jua lilikuwa limejaa chumba kizima, na dirisha lilikuwa tupu.