Dawa Mbili Katika Ndoo Moja

Mumbua alikuwa na hoteli ndogo Sultan Hamud, kando ya barabara ya Mombasa. Madereva wa malori walipenda chai yake na chapati za Kasyoka, mpishi wake. Hoteli hiyo ndiyo iliyowalisha mwanawe Kiilu na wadogo zake tangu baba yao afariki.

Mwaka huo mvua ilipita kiasi, na kipindupindu kikaingia mjini. Bwana afya, Muthama, alikuwa ameshafunga hoteli kadhaa. Kesho yake ilikuwa zamu ya Mumbua kukaguliwa. Aliogopa, lakini hakuwa mtu wa kukaa akishika tama.

"Leo tunasafisha mpaka bwana afya akiingia, asikie harufu ya usafi," alimwambia Kasyoka.

Akamimina ndooni dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Akaongeza asidi ya choo. Aliona zikiwa mbili zitafanya kazi maradufu. Kasyoka akaibeba ndoo hadi jikoni, akafunga mlango ili vumbi lisiingie.

Mara akaanza kukohoa. Mumbua alipokimbilia ndani, macho yalimwasha na kifua kikambana.

"Tokeni humo, nyote wawili," ilisema sauti mlangoni. Alikuwa Halima, jirani yao, muuguzi mstaafu aliyeuza leso duka la pili. Aliwakalisha kwenye hewa safi, akawaosha macho kwa maji mengi. "Mlango ukae wazi. Asirudi mtu ndani mpaka hewa itulie. Na kikohozi kisipopoa, tunaenda hospitali. Mama Kiilu, ulichanganya nini?"

"Dawa ya nguo na ya choo. Si zote ni za kusafisha?"

"Kila moja peke yake. Zikikutana zinatoa hewa ya sumu. Usichanganye tena."

"Na bwana afya asiposikia harufu?"

"Kwani anatafuta harufu ama uchafu? Meza ikiwa na mafuta, viini vinabaki hata umwage dawa debe zima. Osha kwanza na sabuni, suuza. Halafu weka dawa ya nguo kidogo kwa maji baridi, milango ikiwa wazi. Iache ikae kidogo juu ya meza. Na hicho kitambaa cha meza, si ndicho cha sakafu?"

Mumbua aliona haya. Kitambaa kilikuwa kimoja.

Jioni Kasyoka alipumua vizuri, na Mumbua akamshukuru Mungu. Akakunja mikono ya gauni, akasugua kila meza jinsi alivyoambiwa. Akachukua kitambaa kingine, akavichemsha, cha meza mbali na cha sakafu. Zamani wateja wote walichovya mikono katika beseni moja. Sasa aliweka mlangoni sabuni na jagi la kumwagia maji.

Asubuhi Muthama aliingia, akanusa.

"Mama, mbona hapa hapanuki dawa?"

"Sabuni ilitangulia, dawa ikafuata, kidogo tu," Mumbua alijibu bila kubabaika. "Pitisha kidole mahali unataka."

Muthama alipitisha kidole juu ya meza, chini yake, na nyuma ya jiko. Akakitazama. Kisha akaenda mlangoni, akanawa mikono kwa sabuni, akavuta kiti.

"Leta chai," alisema. "Na chapati mbili, zikiwa moto."