Kigae cha Parizad

Haya yalimfika rafiki yangu Isfandiari, fundi wa kuandika maandishi kwenye vigae hapa mjini Kashan. Binti yake Parizad alipofariki akiwa bado mtoto, aliandika jina la binti huyo kwenye kigae cha kaburi, kwa ile rangi inayong'aa kama dhahabu ukishapangusa masizi ya moto. Akakiweka peke yake tanurini, akauziba mlango kwa udongo.

Siku ya nne asubuhi, tanuri lilipopoa, aliubomoa mlango akatambaa ndani. Mlikuwa na giza totoro. Mkewe aliyesubiri nje akasikia sauti ya kusugua.

"Baba Parizad, mbona unakisugua humo humo? Si tulisema tutakipangusa sote?"

"Sijakigusa, mke wangu. Hata sijakiona."

Sauti ya kusugua iliendelea gizani, taratibu, kama ya mtu asiye na haraka.

"Basi usimkatize," mkewe alisema, akilia.

Isfandiari alikaa kwenye majivu machozi yakimtoka, hadi sauti ilipokoma. Ndipo akapapasa, akakitoa kigae nje. Kilikuwa cheusi chote isipokuwa jina. Jina liling'aa, na kando yake palikuwa na alama za vidole vinne vidogo, bado zina majimaji.