Pindo la Sare ya Bosi

Mtoto wa fundi cherehani aliumwa tumbo mwaka mzima, na hakuna aliyempeleka kupimwa.

Majibu hayakukosekana. Bibi alisema minyoo. Baba alisema pipi. Mwalimu alisema anakimbia hesabu, maana somo likianza tu anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Wenzake darasani wakampa cheo: Waziri wa Vyoo.

Nyumbani baba yake humwita Bosi. Ni msichana wa miaka kumi na mmoja.

Asubuhi moja mpangaji wa chumba cha nyuma alisimama uani, taulo begani, akigonga mlango wa choo.

"Nani yumo humo?"

"Mimi."

"Wewe tena? Umehamia?"

Mama Bosi akatoka jikoni, mwiko mkononi. "Shemeji, mwache mtoto. Anaharisha."

"Kila siku, shemeji? Na sisi wengine twende wapi?"

Mama akamgeukia mumewe, aliyekuwa kibarazani akitia uzi kwenye sindano.

"Baba Bosi, nimechoka. Mtoto hali, shule haendi, na wewe unashona tu!"

"Si nilinunua dawa ya minyoo?"

"Mara ya nne hiyo! Hiyo minyoo ina roho ngapi?"

Jirani yao ni muuguzi wa kliniki ya watoto. Mtaa mzima humwita Sista. Jioni ile alileta suruali ya mwanawe iongezwe urefu.

"Fundi, huyu mtoto atanimaliza. Anarefuka kama anavutwa kwa kamba."

"Si mtoto, Sista, ni nguo za dukani. Mwangalie Bosi wangu. Sare ile nilimshonea akiwa darasa la tatu. Sasa yuko la tano na pindo lake sijaligusa. Hiyo ndiyo kazi ya fundi!"

Sista akaacha kucheka.

"Hujaligusa kabisa?"

"Hata uzi mmoja."

"Basi usijisifu. Mtoto hajarefuka."

Kutwa nzima fundi anapima watoto wa watu, futi inaning'inia shingoni. Wake hakuwahi kumpima.

Sista akamketisha Bosi kando ya cherehani, akamuuliza polepole.

"Tumbo linakuamsha usiku?"

"Ndiyo."

"Mdomoni una vidonda?"

"Vinakuja, vinaondoka."

"Na chooni, umewahi kuona damu?"

Bosi akamtazama mama yake. "Wakati mwingine."

"Damu?" Mama akashika kichwa. "Mbona hukusema, wewe mtoto?"

"Nilisema naumwa. Mkasema minyoo."

Hapo fundi akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Sikilizeni," Sista alisema. "Kuharisha kwa siku chache ni jambo moja. Kuharisha au kuumwa tumbo kwa wiki nyingi ni jambo jingine. Mtoto akitoa damu, akikonda, akiacha kurefuka, akichoka ovyo au homa zikimrudia, msibahatishe dawa. Apimwe. Huenda ni ugonjwa sugu wa utumbo."

"Si huo ni ugonjwa wa wakubwa?" fundi akauliza.

"Nani kakwambia? Hata watoto huupata. Kesho muwe kliniki asubuhi. Na ukifika usimwambie daktari minyoo. Mwambie ulichokiona."

Kesho yake daktari wa kliniki alimpima Bosi uzito na urefu. Alimbonyeza tumbo, akamwangalia mdomoni. Damu na choo vikapelekwa maabara. Minyoo haikuwamo, wala amiba. Damu yake ilikuwa pungufu, na vipimo vilionyesha kuna sehemu ya mwili iliyovimba kwa ndani. Akapimwa na kifua kikuu, kwa sababu nacho kinaweza kushika utumbo. Hakuwa nacho.

Wakatumwa hospitali kubwa. Huko Bosi alilazwa usingizi kwa dawa, daktari bingwa akapitisha kamera nyembamba hadi kwenye utumbo. Akakuta vidonda.

"Nimemlisha nini mimi?" fundi aliuliza.

"Hukumlisha kitu. Na hakuambukizwa na mtu," daktari alisema. "Kinga ya mwili wake inaushambulia utumbo wake mwenyewe. Tutautuliza kwa dawa na lishe maalumu."

"Kwa wiki ngapi?"

"Wiki? Hii ni safari ndefu, mzee. Akipata nafuu msimwachishe dawa bila kutuuliza."

Fundi alinung'unika njia nzima, lakini dawa hakuacha kumpa.

Tumbo lilitulia kidogo kidogo. Bosi akaanza kula, kisha akaanza kugombania nyama. Mpangaji naye akapata choo chake.

Siku moja Bosi alisimama mbele ya cherehani, ameweka mikono kiunoni.

"Baba, sketi imekuwa fupi. Fundi gani wewe?"

Fundi alichukua wembe, akafumua pindo ambalo alijivunia halijaguswa. Alikata uzi vibaya mara mbili.

Kuchelewa kuliwagharimu hivi: mwaka mmoja wa maumivu ambayo yangeweza kutulizwa. Darasa la tano, ambalo Bosi analirudia. Rafiki mmoja aliyehamia dawati jingine na hajarudi. Na urefu. Pindo lilikuwa la vidole vinne, na kwa umri wake lingepaswa kuwa limekwisha. Baba yake amefungua viwili. Vilivyobaki, daktari amesema, huenda vikafunguliwa, huenda visifunguliwe.