Mjane wa Dirisha la Dawa

Foleni ya duka la dawa la hospitali ilikuwa imepinda hadi mlangoni siku mhudumu wa mgonjwa alipoonana na mfamasia kwa mara ya kwanza. Kanuni ilitaka dawa kali za maumivu akabidhiwe ndugu wa mgonjwa pekee. Mhudumu, mwanamke kijana, hakuwa ndugu. Aliajiriwa kumwosha na kumlisha mwalimu mstaafu ambaye wanawe waliishi ng'ambo. Lakini mzee alikuwa akiugulia nyumbani, basi kwenye daftari akaandika: "Mke."

Mfamasia, kijana mwenye koti jeupe lililopigwa pasi likanyooka, akausoma umri wa mgonjwa.

"Miaka themanini na minne?"

"Tulipendana," akajibu, uso mkavu.

Tangu hapo, kila Jumatatu kijana alimhudumia kwa adabu ya kuudhi. "Nifikishie shikamoo kwa mumeo." Naye, bila kujua kwa nini, akaanza kwenda dirishani na gauni lake la kijani la kutokea.

"Umevaa hivyo kwa ajili ya dawa zangu?" mzee, aliyejua uongo ule, alimchokoza. "Mwambie huyo mfamasia nakupa talaka leo hii!"

Jumatatu moja alikuja kurudisha chupa iliyobaki nusu.

"Shemeji hajambo?"

"Alifariki Alhamisi."

Kijana akasimama. "Pole sana, dada yangu."

"Usinipe pole. Nilidanganya, sikuwa mkewe. Nilikuwa mhudumu tu. Msibani nimeosha vikombe, kisha wanawe waliokuja kuzika wakanishukuru na kuchukua funguo za nyumba. Nani ampe pole mwosha vikombe?"

"Dawa zilimfikia?"

"Kila tone."

"Ulimuuguza muda gani?"

"Miaka miwili na miezi mitatu."

Kijana akafunga dirisha. Foleni ikanguruma. "We daktari, sisi je?"

"Subirini kidogo. Tuna msiba." Akatoka, akaketi naye kwenye benchi. "Nisimulie. Alikuwaje?"

"Mkaidi! Barua za wanawe alizisahihisha kwa kalamu nyekundu, akazipa alama." Akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, ya kwanza tangu Alhamisi.

Mama mwenye mtoto mgongoni akasogea. "Pole, mwanangu." Akafuata babu wa magongo, kisha foleni nzima, mmoja mmoja, kwa mpangilio uleule.

"Unakaa wapi sasa?" kijana akauliza.

"Kwa shangazi."

"Mwambie Jumatatu nakuja kutoa pole."

"Si umeshatoa?"

"Hiyo ilikuwa ya kuanzia. Yangu ni dozi ndefu, na usiikatize hata ukijisikia nafuu."