Maswali Yaliyokosa Majibu

Duka la dawa lilikuwa limefurika watu siku alipoingia yule kijana wa shati la buluu, lililopigwa pasi upande wa mbele tu. Alikuja kutafuta dawa ya kikohozi, akaondoka na namba ya simu ya muuza dawa. Mdomo anao huyo, msimwone hivi.

Kazi yake ilikuwa kwenye gazeti. Alitengeneza kanzidata ya habari na matangazo ya zamani, ili msomaji akiandika neno kwenye tovuti, kurasa zote zenye neno hilo zimjie. Muuza dawa alimpenda, tena sana. Lakini kila simu ya kijana ikiita, alitoka nje kwenda kuipokea. Mwanamume wa kabla yake naye alikuwa akitoka nje hivyohivyo, kumbe ana mke na watoto. Hakuwa tayari kuchezewa mara ya pili.

Basi akawa anaingia kwenye tovuti ya gazeti, upande wa matangazo ya harusi, anaandika jina kamili la mpenzi wake na neno "ndoa". Hakuna kitu. Akajaribu "mke", akajaribu "watoto". Hakuna kitu. Roho haikutulia hata kidogo.

Jioni moja mgahawani, yeye kavaa gauni lake la kijani la kutoka, kijana akacheka peke yake.

"Unacheka nini, mpenzi?"

"Mambo ya kazini. Kila asubuhi nasoma maswali ya wasomaji yaliyokosa majibu kwenye tovuti, nijue kanzidata imepungukiwa nini. Sasa kuna mtu kila siku ananitafutia mke, kwa jina langu kamili."

Aibu ilimshika muuza dawa, kisha hasira. "Ulijua ni mimi, ukanyamaza?"

"Nilingoja uniulize mwenyewe. Sina mke, malkia wangu. Tafuta kanzidata nzima."

"Kanzidata umeitengeneza wewe. Ukifuta kitu humo, nani atajua?"

Palepale simu ya kijana ikaita, akainuka.

"Kaa," alisema muuza dawa. "Pokelea hapa, uweke spika. Ukitoka, hunikuti."

Kijana akatazama mlango. Muuza dawa akachukua mkoba wake. Kijana akaketi, akabonyeza.

"Wewe mtoto," ilisema sauti ya mama mtu mzima, "huyo muuza dawa unamleta lini nimwone? Au bado unaogopa kumwambia unataka kumwoa?"

Kijana akafunika uso kwa mikono. "Sasa unajua kwa nini natoka nje."

Muuza dawa aliweka mkoba chini, akaisogelea simu.

"Shikamoo, mama. Ni mimi. Tunakuja Jumapili."