Kistari Kati ya Moja na Mbili

Mtaa mzima ulimwita dada huyu Mpiga Pasi, maana kazi yake ilikuwa kupiga pasi nguo za watu. Kila alfajiri alisali kwanza, magoti sakafuni, kando ya kitanda cha mama yake. Kisha alinyunyizia maji shati la kwanza, na chumba kikajaa mvuke.

Mama yake alikuwa mzee sana. Alibaki ngozi na mifupa. Lakini ulimi wake haukuzeeka.

"Mwanangu, shati hilo unalipiga pasi au unaligombeza?"

"Lina mikunjo, Mama."

"Hata mimi ninayo. Usinikaribie na hiyo pasi yako!"

Walicheka. Mwaka uliopita hawakuwa wakicheka. Mama alipewa dawa ya kuua bakteria, na baada yake akaugua utumbo. Aliharisha wiki tatu. Kaka mtu, Fundi Viatu, alimbeba mgongoni hadi kliniki. "Mwepesi kama gunia tupu," alisema. Tangu siku hiyo, kila Mama alipokwenda msalani, moyo wa Mpiga Pasi ulidunda.

Juma hilo Mama alipata homa, na mkojo ulimuuma. Mpiga Pasi alikuwa na nguo nyingi, hivyo Fundi Viatu ndiye aliyempeleka kliniki. Jioni alirudi na bahasha ndogo ya dawa.

"Daktari amesemaje?"

"Alisema mengi. Yote yameandikwa humo. Si siku hizi wewe ni msomi?"

Kweli, Mpiga Pasi alikuwa na miezi mitano katika darasa la jioni. Aliishika bahasha kwa fahari. Iliandikwa hivi: 1/2 x 2, siku 7.

Kistari kile alikijua. Mwalimu alikwisha kukiandika ubaoni: ndiyo/hapana, baba/mama. "Kistari hiki maana yake ni *au*," mwalimu alisema. "Unachagua kimoja."

"Moja au mbili," alisoma kwa sauti. "Mara mbili kwa siku."

"Mpe mbili," alisema Fundi Viatu. "Moja itamfanya nini mgonjwa kama huyu?"

Ndani mlikuwa na vidonge saba tu. "Havitafika siku saba," alinung'unika Mpiga Pasi. "Wametupunja." Akampa Mama viwili. Kesho yake akampa viwili asubuhi na viwili jioni.

Asubuhi ya siku iliyofuata, Mama alikwenda msalani mara tatu kabla ya chai. Mara ya tatu hakuweza kurudi peke yake. Midomo ilimkauka. Macho yalikuwa yamezama. Na ulimi ule wa utani ulikuwa kimya.

Mpiga Pasi alimwita kaka yake. Fundi Viatu alikuja mbio na vidonge vya kufunga tumbo.

"Vilinisaidia mimi. Mpe viwili, tumbo litafunga sasa hivi."

Mpiga Pasi alikuwa ameshamimina maji kikombeni mlango ulipogongwa. Alikuwa Muuguzi wa kliniki, jirani yao, aliyekuja kuchukua sare zake. Alimtazama Mama, akatazama vidonge.

"Dada, ngoja! Usimpe hivyo!"

"Anaharisha, Muuguzi! Ugonjwa umerudi!"

"Ndiyo maana nasema ngoja. Kama ni ugonjwa ule, ukilifunga tumbo, sumu ya vijidudu inabaki ndani. Amekunywa dawa gani?"

Mpiga Pasi alimpa bahasha. Muuguzi alikitoa kidonge kimoja kilichobaki.

"Ulikuwa ukimpa vingapi?"

"Viwili, asubuhi na jioni. Si imeandikwa moja au mbili?"

Muuguzi aliisoma bahasha. Kisha akasema taratibu, "Dada yangu, hapa kistari si *au*. Hii ni nusu. Nusu kidonge, mara mbili kwa siku. Kidonge kimoja kwa siku, siku saba, vidonge saba. Hawakuwapunja."

Pasi ilikuwa ikiunguza shati la mteja. Hakuna aliyeiona. Mpiga Pasi alihesabu vidoleni.

"Nimempa mara nne ya kipimo," alinong'ona. "Mungu wangu, nisimuue mama yangu kwa kusoma."

"Utasali njiani," alisema Muuguzi, huku akichomoa pasi. "Fundi, mbebe Mama. Dada, chukua dawa zote za nyumba hii, hata za zamani. Daktari azione. Mpe maji kidogo kidogo, na usimpe kidonge kingine mpaka daktari aseme."

Njiani Fundi Viatu alikaza mwendo, Mama mgongoni. Kwenye kona alisema, "Daktari aliniambia nusu. Sasa nakumbuka. Aliniambia, nikapuuza."

Kliniki walimwekea Mama dripu. Walipima damu na choo. Mpiga Pasi alikaa kwenye benchi, akisali bila maneno.

Muuguzi alikaa naye. "Figo ndizo zinazotoa dawa mwilini," alisema. "Za mzee zimechoka. Dawa inakawia kutoka, inajikusanya. Tena dawa hii inaua bakteria wabaya, na inaua hata wale wazuri wanaolinda utumbo. Wazuri wakiisha, ugonjwa wa mwaka jana unapata nafasi. Daktari aliyajua hayo, ndiyo maana aliandika nusu."

"Nifanye nini sasa?"

"Mzee aliyewahi kuugua hivi akiharisha mara tatu kwa siku, mlete siku hiyo hiyo. Dozi usiongeze wala usipunguze mwenyewe. Na ukimhudumia, nawa kwa sabuni na maji. Ile dawa ya kupaka mikononi badala ya kunawa haiui vijidudu hivi."

Majibu yalitoka. Ugonjwa wa zamani ulikuwa umeanza kurudi, lakini uligunduliwa mapema. Daktari alibadilisha dawa. Mama alilala kliniki siku tano. Siku ya tatu aliuliza ni nani aliyekunja shuka zile vibaya namna hiyo. Mpiga Pasi alitoka nje, akalia kwa furaha.

Siku ya kurudi nyumbani, mtoa dawa alimpa bahasha nyingine. Watu walipanga foleni nyuma yake. Mpiga Pasi hakuondoka.

"Niandikie kwa maneno, tafadhali. Kisha nikusomee, unisikilize."

"Dada, foleni ndefu!"

"Naiona. Andika."

Akaandika. Mpiga Pasi akasoma neno kwa neno, mtoa dawa akaitikia. Fundi Viatu, safari hii, alisikiliza mpaka mwisho.

Jioni Mama aliketi kitandani. Mpiga Pasi alinawa mikono, akaleta maji na dawa. Akasoma tena bahasha kwa sauti.

"Kidonge kimoja."

"Kimoja au viwili?" aliuliza Mama.

Mpiga Pasi aliitazama bahasha tena. "Kimoja, Mama."

"Haya, lete. Nimeuliza tu," alisema mzee, akatabasamu. "Kuuliza si ujinga."