Mkalimani, Toka Nje

"Mwambie ni goti tu," Wakonyo alisema kwa Kikuyu, macho yakiwa ukutani.

Gathoni akamgeukia daktari. "Anasema ni goti."

"Goti gani?"

"Mami, goti gani?"

Wakonyo akafikiria kidogo. "Lolote."

"Anasema yote mawili," Gathoni akatafsiri, akitabasamu kama mtu anayeuza kitu asichokiamini.

Daktari Dishon Khavere aliweka kalamu chini. Alikuwa Mluhya, mzaliwa wa Vihiga, na tangu aletwe kwenye kliniki hii ndogo ya Gatitu, nje kidogo ya mji wa Nyeri, hakuna mgonjwa aliyewahi kumtoa jasho kama huyu. Si kwa sababu ya ugonjwa. Huyu alikuwa mama yake Gathoni.

Na Gathoni ndiye nesi aliyekuwa akiwatafsiria nyanya wote wa Gatitu wasiojua Kiswahili. Mapenzi yake na Dishon, ukitaka kujua, yalianzia kwenye kikohozi cha nyanya mmoja aliyeongea sana. Walipomaliza kumwelewa, walikuwa wameelewana wao.

Shida ilikuwa Wakonyo. Kila Gathoni alipomwomba tarehe ya ruracio, ile siku ya wazee wa Vihiga kuja kuleta mahari, jibu lilikuwa lile lile: "Nitaongea nini na mtu asiyejua Kikuyu? Kiswahili changu ni cha kuuzia majani chai."

Kwa hivyo Gathoni akapanga mpango. Atamtoa mama kijijini kwao Kangema, amlete kwa Dishon, Dishon amtibu, mama ampende, tarehe ipatikane. Mpango mzuri sana, kama ilivyo mipango yote ambayo mtu hajamwambia mwenzake.

"Mama, chai?" Dishon aliuliza kwa Kiswahili, akionyesha chupa iliyokuwa mezani.

"Hapana. Asante."

Dishon akashusha mkono. Hata siku Dishon alipomtembelea Kangema, Wakonyo alimmiminia mgeni chai ya shamba lake, lakini yeye mwenyewe hakuonja. Siku hiyo Dishon alisimulia utani wa kuku wa kwao, aliyekuwa akijificha chini ya kitanda kila pasta akipiga hodi, kwa kuogopa kisu. Nyumba nzima ilicheka. Wakonyo alibana midomo, akainuka ghafla, akatoka. Dishon alirudi Nyeri akijua hapendwi.

Lakini leo alimwangalia tena, na safari hii kama daktari. Midomo ilikuwa imekauka. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, leso imefungwa juu ya sketi nzito ingawa jua lilikuwa kali. Na pale kwenye foleni alikuwa amekwenda chooni, akarudi, akaenda tena.

"Gathoni," Dishon alisema polepole, "hebu toka nje kidogo."

"Nitoke? Na nani atatafsiri?"

"Hakuna. Hata mimi natoka."

"Ati nini?"

Alimshika mkono, wakatoka, akafunga mlango. Palepale akapiga simu chumba cha akina mama wajawazito, alikokuwa Daktari Ngendo, mwanamke wa Kutus aliyejua Kikuyu lakini asiyejua kunong'ona.

"Ngendo, niko na mgonjwa anakuhitaji."

"Ako na shida gani?"

"Sijui. Na sitaki kujua. Ni mama mkwe wangu, akinikubali."

Ngendo akapaza sauti. "Na umekuwa ukimuuliza maswali na Gathoni akiwa hapo katikati? Nyinyi wawili mlisomea wapi?"

"Kuja tu, tafadhali."

Ngendo alipita akitingisha kichwa, akaingia, akafunga mlango.

Gathoni alikuwa ameshika kiuno. "Dishon, unajua umefanya nini? Mami atarudi Kangema aseme Mluhya alikataa kumshika!"

"Gathoni, hebu sikiza. Hapa kwenu, mama mkwe anaweza kumwambia mkwe mambo ya mwili wake?"

"Mambo gani? Ni goti!"

"Si goti. Hata kwetu Vihiga, sisi Wamaragoli, haiwezekani. Mama mkwe hawezi kuvua hata soksi mbele yangu. Na sisi tumemkalisha hapo, mkwe mbele, mtoto wake kando, tukamwambia sema."

"Mimi ni nesi!"

"Kwa wengine. Kwake wewe ni mtoto."

Gathoni aliondoka kwa hasira hadi kwenye geti. Baada ya muda simu ya Dishon ikalia.

*Usiniongeleshe leo.*

*Sawa.*

*Hata kesho.*

*Sawa. Umekula lakini?*

Gathoni alisoma, akakunja uso, hakujibu. Kibaya zaidi ni kwamba njaa ilikuwepo kweli.

Mlango ulikaa umefungwa muda mrefu. Ulipofunguliwa, Wakonyo alitoka akiwa ameinua shingo, akamfuata binti yake getini, akauliza kwa sauti: "Hapa chai inauzwa wapi?"

Gathoni alimpeleka kwenye kibanda cha mandazi kando ya barabara. Wakonyo aliangalia kushoto na kulia, akashika kikombe kwa mikono yote miwili.

"Ni mkojo," alisema kwa Kikuyu.

"Mkojo?"

"Nikikohoa unatoka. Nikicheka unatoka. Tangu nilipokuzaa wewe kitinda mimba. Ulikuja na kichwa kikubwa sana."

"Mami! Miaka hii yote? Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie aje? Wewe ni mtoto wangu. Halafu ugeuke umwambie mkwe wangu, kwa Kiswahili, mimi nikiwa hapo nimekaa?"

Gathoni alisahau mandazi mdomoni. "Umesema mkwe?"

Wakonyo akashusha macho. "Mimi sijawahi kumchukia huyo kijana. Lakini ruracio ni siku nzima. Nikae ndani ya hema na wageni kutoka mbali, ninywe chai nao, nicheke nao, halafu niinuke na rinda limelowa? Nikuaibishe mbele ya wakwe zako? Nikaona heri nisingizie lugha."

"Na siku ile ya utani wa kuku?"

"Nilielewa kila neno! Nilikimbia chooni. Nikacheka huko peke yangu hadi nikalia."

Gathoni alimkumbatia mama yake pale kwenye kibanda, machozi na kicheko pamoja, mwenye mandazi akiwatazama.

"Daktari Ngendo amesema tunatibiwa," Wakonyo aliendelea. "Kuna mazoezi, na yakikataa kuna operesheni ndogo. Amesema tuko wengi, ni vile tunanyamaza. Ameongea na mimi kama anaongea na mama yake. Sijawahi kusema hayo maneno kwa mtu, Gathoni. Yalitoka tu."

Gathoni alipangusa macho, akatoa simu.

*Sijakula. Kuja kwa kibanda. Na unisamehe.*

Dishon alifika mbio, koti jeupe likipepea, akasimama mbali kidogo kwa heshima. Hakuuliza ugonjwa. Hakuuliza hata goti.

Wakonyo alimwita kwa Kiswahili chake cha majani chai, "l" ikigeuka "r".

"Daktari. Kuja hapa."

"Ndiyo, Mama."

"Reo nimekuona. Mtu mwingine angetaka kujua yote, ndio aonekane ni daktari mkubwa. Wewe umefunga mdomo, umeniretea mtu wa kuongea na yeye."

"Asante, Mama."

"Reta wazee wako. Mwezi wa nane, majani yakipungua."

Dishon alikaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Gathoni akamkabidhi andazi lililobaki nusu, na hiyo, kwa wanaomjua Gathoni, ndiyo ilikuwa samahani kubwa zaidi.

Wakonyo alifanya mazoezi yake kila asubuhi akichuma chai, na hakuna aliyejua kwa nini anakaza uso namna ile. Alirudi Gatitu mara kwa mara, akipita mbele ya mlango wa Dishon kwa salamu tu, moja kwa moja hadi kwa Ngendo.

Mwezi wa nane ulipofika, wageni wa Vihiga walizuiliwa getini Kangema kama kawaida, wanawake wakiimba na kuwadai maelezo. Dishon alisogea mbele, akamjulia Wakonyo hali kwa Kikuyu alichofundishwa na Ngendo usiku na mchana: "Wĩ mwega, maitũ?"

"Mirembe!" Wakonyo akarudisha salamu kwa Kimaragoli, na geti likafunguliwa kwa vigelegele.

Ndani ya hema, watu wakishakula, Wakonyo aligonga meza kwa kijiko. "Mkwe wangu," alisema, "hawa hawajasikia ya kuku na pasta. Sema."

Gathoni alimtazama mama yake kwa wasiwasi. Dishon akasimama, akasimulia, hadi pale kuku anaposikia hodi na kuingia chini ya kitanda kabla hata ya watoto.

Wakonyo alicheka. Alicheka kwa tumbo na mabega, akapiga meza, kitambaa kikamteleza kichwani, machozi yakamtoka. Hakubana midomo. Hakuinuka. Wazee wa Vihiga wakamtazama huyu mama wakajua mtoto wao amepata kwao kwingine.

Alipopata pumzi, alisukuma kikombe chake kuelekea kwa Gathoni.

"Ongeza chai," akasema. "Na ujaze."